Kopo Juu ya Ekzosi: Mvua na Bomba la Moshi, Kutoka Trekta hadi Lori

Bomba la moshi linaloelekea juu halisumbuliwi na mvua maadamu injini inafanya kazi. Moshi hutoka kwa nguvu na joto kali, na matone machache yanayopenya hugeuka mvuke. Taabu huanza chombo kikiegeshwa, na ilikuwepo kabla ya lori la kwanza kuundwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashine za mvuke zilizoendesha mitambo ya kupuria nafaka katika mashamba ya Uingereza zilikuwa na dohani ndefu. Makaa ya mawe yana salfa, na masizi yake yakilowa hutoa tindikali inayokula chuma. Mashine iliyolazwa ilifunikwa dohani kwa bati, au kwa ndoo iliyopinduliwa. Meli za kivita zilizokaa bandarini kwa muda mrefu nazo zilivishwa turubai juu ya dohani.

Trekta za petroli na mafuta ya taa zilirithi umbo hilo. Farmall, iliyoletwa sokoni na International Harvester mwaka 1924, ilisimamisha ekzosi juu ya injini, na zilizofuata ziliiga. Ilikuwa na maana kufanya hivyo shambani: bomba la chini hugonga matuta na mimea, na cheche zake zinaweza kuwasha mabua makavu. Lakini bomba la namna hii husimama karibu moja kwa moja juu ya manifoldi, kwa hiyo maji yakiingia hayana mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwenye injini.

Injini inapozimwa, kwa kawaida kuna silinda moja au zaidi ambayo valvu yake ya moshi imebaki wazi. Maji hushuka humo, ringi za pistoni hushika kutu na kung'ang'ania, na hilo ndilo dogo. Kubwa ni kwamba maji hayabanwi kama hewa. Massey Ferguson 135 ya miaka ya 1960, trekta iliyozoeleka sana Afrika Mashariki, ina injini ya Perkins ya silinda tatu na ujazo wa lita 2.5. Pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki ndani ya silinda ni kama mililita 50 tu, pungufu ya kikombe kimoja cha kahawa chungu. Bomba lenye upana wa sentimita 6 likiachwa wazi hukusanya zaidi ya mililita 250 katika mvua ya milimita 100, kiasi ambacho masika huweza kukimwaga kwa siku chache. Mtu akipiga stata bila kujua, pistoni hugota kwenye maji, na konrodi inaweza kupinda. Fundi mwenye busara akishuku maji hufungua nozeli kwanza, kisha huzungusha injini taratibu ili maji yatoke kupitia matundu yake.

Ndiyo maana kopo tupu likawa sehemu ya trekta kila ilikokwenda. Halina gharama, na aliyelisahau hukumbushwa papo hapo, kwani hurushwa hewani injini inapowaka. Viwanda vilileta kilicho bora zaidi: kifuniko chenye bawaba na uzito mdogo upande wa pili. Moshi hukiinua, na injini ikizimwa hujifunga chenyewe. Kasoro yake ni kelele ya kugongagonga injini ikiunguruma polepole, na bawaba ikishika kutu kifuniko hukwama wazi, yaani hakifanyi kazi siku ile hasa kinapohitajika.

Lori lilichelewa kuingia katika historia hii. Malori ya Ulaya, kwa sehemu kubwa, yalitoa moshi chini. Marekani ndiko bomba la juu lilikoshamiri, hasa baada ya Kenworth kuanza kutoa malori ya dizeli kutoka kiwandani mwaka 1933. Moshi mzito wa dizeli ulihitaji kupelekwa juu ya watu na magari mengine, na kanuni za usalama za nchi hiyo zinataka utolewe nyuma ya kabini au, ukipitishwa juu, karibu na mgongo wa kabini. Baadaye mabomba mawili ya kromu yakawa fahari ya dereva. Sinema ya *Duel* ya mwaka 1971, ambamo lori chakavu la Peterbilt linamwandama mwenye gari dogo, ilimfanya hata asiyejua malori alitambue bomba hilo.

Kwa hesabu ya mvua tupu, lori lina hatari kubwa kuliko trekta: bomba lenye upana wa sentimita 12.5 hupokea zaidi ya lita moja katika mvua ileile ya milimita 100. Hata hivyo, hofu ya dereva wa lori imetiwa chumvi kidogo. Bomba lake hushuka kando ya kabini hadi chini ya sakafu kabla ya kupanda tena kuelekea kwenye turbo, na maji hutuama katika kona hiyo ya chini. Kinachoangamia kwanza ni sailensa na mabomba yenyewe, yanayooza kwa ndani. Dawa yake ni rahisi: tundu dogo la kuchuruzisha maji sehemu ya chini kabisa, pamoja na ncha ya bomba iliyopindishwa nyuma au pembeni. Anayependa bomba lililonyooka hadi juu hana budi kulifunika kila anapoegesha lori kwa muda mrefu.

Turbo ilileta sababu nyingine ya kufunika, isiyohusu mvua. Trekta au lori lililozimwa likibebwa juu ya trela, upepo unaopita kwenye bomba unaweza kuzungusha gurudumu la turbo huku hakuna oili inayofika kwenye beringi zake, zikalika. Kwa hiyo bomba huzibwa kwa turubai au utepe kabla ya safari, hata kiangazi.

Kanuni za moshi za Marekani za mwaka 2007 zilileta vichujio vya masizi katika malori mapya ya dizeli, na za 2010 zikaongeza mitambo inayotumia urea. Mabomba mengi yamesogezwa au kufupishwa, mengine yakabaki kama zamani. Malori ya Kimarekani yaliyotumika yanayoonekana katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma mara nyingi huja na bomba la juu, na yale yaliyosimama yakisubiri vipuri hufunikwa kwa kopo au mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira wa tyubu.