Kitanda cha mtoto mchanga: Ukaguzi wa mbao kabla ya kumlipa fundi

Katika jamii nyingi nchini Kenya, kununua vifaa vya mtoto kabla hajazaliwa huhesabiwa kuwa mkosi. Kwa sababu hiyo, wengi wanaofika kwa maseremala wa Gikomba, Kariobangi au kandokando ya Barabara ya Jogoo kuagiza kitanda cha mtoto huwa na haraka. Mama yu hospitalini, au amekwisha kurudi nyumbani, na fundi hupewa siku tatu au nne kuikamilisha kazi.

Haraka hiyo ndiyo mama wa kasoro nyingi. Fundi hulazimika kutumia mbao alizo nazo, na aghalabu mbao hizo huwa mbichi.

Ubao unapokauka hunywea kwa upana na unene, ilhali urefu wake karibu haubadiliki. Ufito uliokaza barabara siku ya kununuliwa huanza kuzunguka ndani ya tundu lake baada ya miezi michache, na misumari huchomoza vichwa. Bahati mbaya ni kwamba wakati huo ndio mtoto anapofikia miezi minane au tisa, umri wa kushika fito kwa mikono miwili na kujivuta asimame.

Mnunuzi hahitaji mashine kuutambua ubao mbichi. Achukue vipande viwili vya mti mmoja na kipimo kimoja, avipime kwa mkono. Kizito zaidi ndicho mara nyingi chenye maji. Ubao mbichi huwa baridi unapoguswa kwa shavu, na ukigongwa hutoa sauti nzito, si mlio mkavu. Vumbi la msasa nalo husema mengi: la mbao kavu hupeperuka, la mbao mbichi hugandamana.

Wazazi wanaoogopa mkosi wanaweza kuununua ubao mapema pasipo kukinunua kitanda. Ubao si kifaa cha mtoto. Ukihifadhiwa mahali pakavu penye hewa kwa miezi michache, ukiwa umepangwa kwa vijiti katikati ili upepo upite, seremala atakuwa na mbao za kuaminika siku habari njema itakapofika.

Kuhusu aina ya mti, mbao nyingi zinazouzwa Eastlands ni za sipresi na paini kutoka mashamba ya miti ya nyanda za juu. Ni mbao laini, rahisi kufanyia kazi, na zinatosha kabisa kwa kitanda cha mtoto iwapo ni kavu na hazina vifundo vikubwa, hasa kwenye fito, kwani kifundo ndipo ufito unapokatikia. Mkaratusi una nguvu, lakini hupinda na kupasuka usipokaushwa kwa utaratibu. Mahogani hudumu miaka mingi, ila bei yake ni ya juu, na mteja ahakikishe kwamba anachouziwa si mbao laini iliyopakwa rangi ya kahawia. Akiangalia upande wa chini, ambako fundi hakupitisha brashi, ataiona rangi halisi ya mti.

Bei ya mbao ilipanda baada ya serikali kusimamisha ukataji miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018. Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023, hatua iliyozua kesi mahakamani. Katika miaka hiyo, vitanda vya mbao za makreti ya mizigo navyo vilionekana mitaani. Si vibaya vyote. Kreti iliyopigwa muhuri wa herufi HT iliuliwa wadudu kwa joto, lakini yenye herufi MB ilifukizwa kwa gesi ya sumu, na haifai kugeuzwa mahali pa kulaza mtoto. Isiyo na muhuri wowote, yenye madoa ya mafuta au kemikali, iachwe.

Baada ya mbao huja viungo. Kitanda kilichoshikiliwa na misumari pekee hakina maisha. Kiungo cha kutegemewa ni kile ambacho ncha ya ubao mmoja imechongwa ulimi ukaingizwa katika tundu la ubao wa pili, kisha ukatiwa gundi. Pembe nne zifungwe kwa boliti na nati. Mpangaji wa Umoja, Kayole au Pipeline huhama mara kwa mara, na ngazi za majumba ya ghorofa ni nyembamba. Kitanda cha boliti hufunguliwa kikabebwa vipande vipande, ilhali cha misumari hung'olewa kwa nyundo na hakirudi kama kilivyokuwa.

Njia ya kujaribu viungo ni moja tu: kukishika kitanda kwa pembe na kukitikisa kwa nguvu mbele ya mwenyewe. Fundi anayeijua kazi yake hatachukia.

Vipimo ndivyo hubeba uhai wa mtoto. Kanuni za Marekani haziruhusu nafasi kati ya ufito na ufito kuzidi takriban sentimita 6, na za Ulaya huruhusu kati ya sentimita 4.5 na 6.5. Pakiwa pana kuliko hapo, mwili wa mtoto hupenya na kichwa hunasa. Kopo la kawaida la soda linatosha kuwa kipimo: likipita kati ya fito, kitanda hicho hakifai. Kutoka ubao wa chini hadi ukingo wa juu pawe na angalau sentimita 60. Nakshi za mioyo na nyota zilizotobolewa ubavuni, ambazo maseremala wengi huzipenda kwa kuwa huvutia wateja, zaweza kunasa mkono au kichwa, na vishungi kwenye pembe hunasa nguo ya mtoto anayejaribu kupanda.

Godoro nalo lienee. Vidole viwili vikiingia kwa urahisi kati yake na ubavu wa kitanda, pengo hilo ni kubwa mno. Ni busara kununua godoro kwanza, mara nyingi la futi 2 kwa 4, na kumpelekea fundi vipimo vyake kamili.

Vitanda ambavyo ubavu wake hushuka kwa reli viepukwe, viwe vya kuchongwa mtaani au vya mitumba kutoka ng'ambo. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wake kuanzia Juni 2011, baada ya kuhusishwa na vifo vya watoto wachanga visivyopungua 32 tangu mwaka 2000. Ubavu ulilegea upande mmoja, pengo likafunguka, mtoto akaangukia humo.

Rangi ni jambo ambalo wakazi wa Eastlands wana sababu ya ziada ya kuliangalia. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na jaa la taka la Dandora. Nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika kimataifa wakati huo. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, na mtoto anayeota meno hutafuna ukingo wa kitanda mchana kutwa.

Kwa hiyo mteja aombe kuuona mkebe wa rangi wenyewe, wenye jina la mtengenezaji na maelezo kwamba haina risasi. Rangi iliyochanganywa katika chupa isiyo na jina ikataliwe. Wasio na hakika waache mbao bila rangi, zilainishwe kwa msasa tu. Vanishi nayo ipewe majuma kadhaa ya kukauka mahali pa wazi, mpaka harufu iishe.

Kitanda kizuri hupita kutoka mtoto hadi mtoto, kisha kwa jirani. Anayekipokea atazame mambo mawili. Vitundu vidogo vyenye unga mwembamba chini yake ni kazi ya bungua, na ubao huo umeoza kwa ndani. Madoa meusi katika maungio ni dalili ya kunguni, ambao katika nyumba za kupanga huhama na samani. Kitanda cha boliti hufunguliwa chote, maungio yakamwagiwa maji yanayochemka, kisha kikaanikwa juani hadi kikauke kabisa. Ndipo hufungwa upya, boliti zikihesabiwa, na iliyopotea ikinunuliwa nyingine ya kipimo kilekile badala ya kuzibwa kwa msumari.