Awendo Hakuna Kitu? Twende Nikuonyeshe

Wiki jana niliposti picha ya kaunta ya duka moja hapa Awendo. Kaunta tu. Mbao nzee, imebonyea katikati kwa sababu watu wameiegemea kwa viwiko miaka na miaka wakisubiri chenji. Msee mmoja akaniandikia: "Buda, Awendo hakuna kitu. Nenda Lamu ndio upige picha za historia."

Sikumjibu siku hiyo. Lamu nimeiona kwenye simu tu, kama wengi wenu, na sina ubaya nayo. Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na ile milango kusema kweli ni moto. Lakini wangapi mnajua kwamba hata kaunti yetu ya Migori iko kwenye orodha hiyo hiyo? Thimlich Ohinga iliingia mwaka 2018. Iko kilomita 46 kaskazini-magharibi ya mji wa Migori, na nina marafiki waliozaliwa huku, wakasoma huku, na hawajawahi kukanyaga.

Mimi mwenyewe nilienda mwaka jana tu, kwa hivyo sijifanyi mjuaji. Ni kuta za mawe za karne ya 16 hivi, zimesimama bila saruji na bila hata tope la kushikanisha. Walipanga mawe upande wa nje na upande wa ndani, halafu katikati wakajaza vijiwe vidogo, basi. Uzito wa jiwe ndio gundi. Mahali pengine ukuta unapita mita 4 kwenda juu. Milango nayo ni mifupi makusudi, lazima uiname ndio uingie, na mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Niliinama na begi la kamera mgongoni, nikajigonga kichwa, na yule aliyekuwa akitutembeza akacheka sana: "Umeona? Mlango bado unafanya kazi." Jina lenyewe kwa Dholuo ni msitu wa kuogofya, thim na lich. Watu walipokezana kuishi mle ndani, kizazi kwa kizazi, mpaka mwanzo wa karne ya 20. Na si boma hilo peke yake. Maboma ya mawe ya aina hiyo yamehesabiwa zaidi ya 500 katika eneo hili letu la ziwa. Mia tano, halafu unaniambia hakuna kitu.

Haya, turudi mjini, kwa sababu msee alisema Awendo, hakusema Thimlich.

Awendo, au Sare kama makanga wanavyoita, haina jengo la miaka mia tano. Ukishuka kwenye barabara kuu ya kutoka Kisii kwenda Isebania utaona mabati, rangi za kampuni za simu, boda boda, na trela za miwa zinazoacha vipande barabarani watoto wakimbilie. Mji huu kwa sehemu kubwa umeletwa na kiwanda. Kampuni ya Sukari ya Nyanza Kusini, ambayo sote tunaiita Sony, ilianzishwa 1976, na kiwanda kikaanza kazi 1979. Mwenye ile kaunta, mimi namwita jaduong', naye ananiita nyakwara, mjukuu wake, ingawa hatuna undugu wowote. Aliniambia, "Sisi hatukuhesabu miaka kwa kalenda. Tulikuwa tunasema kabla ya moshi na baada ya moshi."

Na hapo ndipo historia ya huu mji inakuwa tamu na chungu kwa wakati mmoja. Moshi haukupanda kwenye ardhi tupu. Ili kiwanda na mashamba yake vipate mahali, serikali ilichukua ardhi ya watu wa Sakwa kwa sheria ya lazima. Unapewa fidia, unahama. Sasa, si ardhi yote iliyotumika kwa sukari. Kuna iliyobaki, na hiyo ikatengewa upanuzi wa mji wa Awendo. Wenyeji wakauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza: kama mlisema mnaitaka kwa kiwanda na kiwanda hakikuihitaji, si mturudishie? Hiyo kesi ilipanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya. Mwaka 2019 majaji wakaamua kwamba ardhi ikishachukuliwa kwa njia hiyo, hairudi yenyewe kwa mwenyewe wa zamani eti kwa sababu kipande fulani hakikutumika.

Kisheria wanasheria wataelewana. Mimi chuo niliacha, na hata hivyo sikuwa nasomea sheria. Ila naona ni ajabu kwamba uamuzi mzito hivyo, ambao unagusa mtu yeyote Kenya ambaye ardhi yake imewahi kutakiwa kwa barabara au reli, umetoka kwa mji wetu huu mdogo, na hakuna kijana hapa anayeuzungumzia. Tangu niusome, siwezi kusimama kibandani nikila chapo bila kujiuliza hapa chini palikuwa boma la nani.

Ndiyo, chakula. Nilikuwa nakuja huko.

Ukitaka kuonja Awendo usianze na hoteli yenye menyu ya plastiki. Anza na nyoyo, mahindi na maharagwe, asubuhi kabla ya saa tatu maana baada ya hapo mama amefunga sufuria. Halafu tafuta sukari nguru. Najua wengi wenu mnaijua kwa sifa mbaya, kwamba inaenda kwa chang'aa, na siwezi kukataa, sehemu kubwa inaenda huko. Lakini kipande kidogo, bado kina joto, kikivunjwa na kutiwa kwenye chai ya rangi yenye tangawizi! Sukari nyeupe haiwezi. Sukari nyeupe imechujwa mpaka ikasahau shamba. Nguru bado inakumbuka, ina ladha ya moshi na ya jani bichi.

Namna inavyotengenezwa pia ni historia yenyewe. Mua unakamuliwa kwa mashine ya injini, juisi inachemshwa kwenye karai pana, povu linaondolewa kwa upawa, na kuni ni makapi ya mua ule ule yaliyoanikwa. Mtu anasimama pale anakoroga, na hana kipimajoto. Anadondosha tone kwenye maji baridi, analibonyeza kwa vidole, anajua imeiva au bado. Kiwanda kikubwa kinafanya kitu hicho hicho, kuchoma makapi ili kuchemsha juisi, ila kwa matangi na mvuke. Binamu wawili, mmoja kavaa suti.

Kitu kingine ambacho watu wa rika langu wanasahau ni kwamba mji huu umewahi kuwa bingwa wa Kenya. Mwaka 2006 SoNy Sugar walichukua ligi kuu. Timu ya mji wa miwa, inacheza Awendo Green Stadium, iliwapita Gor, iliwapita AFC Leopards. Mwaka 2019 hiyo hiyo timu ikatolewa kwenye ligi baada ya kukosa kufika kwa mechi tatu. Nilipita uwanjani juzi jioni. Vijana wadogo walikuwa wanacheza upande mmoja, mtu analisha mbuzi upande wa pili. Niliwauliza kama wanajua 2006 kulitokea nini hapa. Mmoja akasema, "Mlizaliwa?" Wueh.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu mwaka 2025 serikali ilikodisha viwanda vinne vya sukari kwa wawekezaji kwa miaka 30, na Sony ni kimojawapo. Sina shida na kiwanda kupata pumzi, watu wanahitaji kulipwa. Ila mpangaji mpya hubomoa, hupaka rangi, hutupa mafaili. Nyumba za wafanyakazi, zile zilizojipanga kama wanafunzi asubuhi, hakuna anayeziita jengo la kihistoria, kwa sababu tumefundishwa kwamba historia lazima iwe na Mreno au sultani. Jengo la 1979 likibomolewa leo nani atalalamika? Thimlich nayo ilikuwa mawe tu ya mtu kulishia ng'ombe karibu, mpaka wengine walipokuja kuyapima na kuyaandika.

Kwa hivyo nimeanza kupiga picha. Kaunta, mizani, cherehani za verandani, karai la nguru, vibao vilivyoandikwa kwa mkono kabla ya mashine za kuchapa mabango. Wazee wakikubali narekodi sauti pia, kwa Dholuo, halafu naweka maandishi ya Kiswahili chini.

Jana nilirudi kwa jaduong' kumwonyesha ile picha na maoni yenu. Alisoma yote, miwani kwenye ncha ya pua, la yule msee akalisoma mara mbili. Kisha akaniambia mwanawe ametuma pesa kutoka Nairobi, kaunta inabadilishwa, inawekwa ya vigae. Fundi anakuja Jumamosi.

Nikamwomba ile mbao asiichome.

"Utaipeleka wapi, nyakwara?"

Sikuwa na jibu. Akasema nije na boda saa mbili asubuhi, na nije na kamba.