Mkeka wa Ascot

Farasi aliitwa Fujiyama Crest. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 28 Septemba 1996, bei yake katika mbio za mwisho za uwanja wa Ascot, Uingereza, ilikuwa 12 kwa 1: weka pauni 1, akishinda upate faida ya pauni 12, na pauni yako urudishiwe. Kwenye simu zetu leo hiyo ingeandikwa 13.00, maana sisi tunasoma odi pamoja na dau ndani yake. Waingereza wa mbio za farasi walihesabu faida peke yake.

Jioni farasi huyohuyo alianza mbio akiwa 2 kwa 1. Hakuwa amenona wala kupata mbio zaidi tangu asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba mpandaji wake, Mwitaliano Frankie Dettori, alikuwa ameshinda mbio zote sita zilizotangulia.

Nchi nzima kulikuwa na watu waliomfuata Dettori mbio zote saba kwa tiketi moja. Sisi tungesema wameweka mkeka. Pauni iliyoanza na Wall Street kwa 2 kwa 1 ilirudi 3. Zote zikahamia kwa Diffident, 12 kwa 1, zikawa 39. Mark of Esteem akazifikisha 169, Decorated Hero 1,352. Baada ya Fatefully na Lochangel, pauni ile moja ilikuwa 8,365 na nusu. Wengine, waoga kidogo au wenye busara, walichukua tiketi iitwayo Super Heinz: farasi saba wanapangwa wawiliwawili, watatuwatatu, hadi wote saba, jumla madau 120. Akianguka mmoja, mkeka mkubwa unachanika lakini vipande vinabaki. (Jina limetokana na kampuni ya mchuzi wa nyanya iliyojisifu kuwa na aina 57 za bidhaa, kwa sababu farasi sita hutoa madau 57.)

Sasa tazama makampuni yenye maduka ya kamari, yaliyokuwa halali Uingereza tangu Mei 1961. Wateja wengi wa mikeka walikuwa hawajafungiwa bei. Wangelipwa kwa bei ya kuanzia, yaani ile iliyokuwa ikisomwa wakati huo kwa wapokea dau walioko uwanjani farasi walipoondoka. Fujiyama Crest akishinda kwa 12 kwa 1, kila pauni ya mkeka ingedai 108,751. Kwa 2 kwa 1, ingedai 25,096. Kwa hiyo makampuni yalipeleka fedha uwanjani na kumwekea dau farasi huyo yenyewe, kwa wingi, ili bei yake ishuke.

Ndipo baadhi ya wapokea dau wa uwanjani, Gary Wiltshire akiwa maarufu kuliko wote, walipoona neema. Farasi amebeba uzito mkubwa kuliko wenzake wote, umbali ni maili mbili, thamani yake ya haki iko mbali sana na 2 kwa 1, na watu wanagombania kumnunua! Wiltshire akapokea, akapokea tena. Kwa hesabu alikuwa sahihi, na mimi nasema hivyo bila kumwonea huruma. Akinunua mtu kitu kwa bei iliyozidi mara kadhaa, muuzaji hana sababu ya kukataa.

Fujiyama Crest alishinda kwa urefu wa shingo tu. Wiltshire alipoteza zaidi ya pauni milioni 1 alasiri hiyo, na ilimchukua miaka kulipa. Hasara ya wapokea dau wote kwa pamoja ilikadiriwa kuwa makumi ya mamilioni ya pauni.

Mjini Paris mambo yangekwenda vingine. Huko Joseph Oller alianzisha katika miaka ya 1860 utaratibu wa kutia fedha zote chungu kimoja, mwenye mchezo akakata chake, waliopatia wakagawana kinachobaki. Chungu hakifilisiki.

Hadithi ya Ascot inapendwa sana na wenye maduka, na sababu si ngumu. Chukua sarafu inayorushwa mara saba, kila mrusho ukilipa 1.90 badala ya 2.00. Mrusho mmoja unampunguzia mchezaji asilimia 5 tu. Lakini mkeka wa mirusho saba hutokea mara 1 kati ya 128, na hulipa mara 89. Zile asilimia 5 zimezidishana hadi zimekula karibu theluthi ya haki yake, na hakuna mahali kwenye tiketi palipoandikwa hivyo. Ndiyo maana kampuni hukupa bonasi ukiongeza mechi.

Dettori baadaye alimnunua Fujiyama Crest, akamweka nyumbani kwake ale majani.