Kutoka Thumni hadi Mwendokasi: Majina ya Usafiri wa Dar es Salaam

Mwaka 1974 ulizaa majina mawili ambayo mwanafunzi wa istilahi hawezi kuyapita. Kampuni ya Dar es Salaam Motor Transport, iliyoanza kuendesha mabasi mwaka 1949 na kutaifishwa mwaka 1970, iligawanywa. Mabasi ya kwenda mikoani yakapewa Kampuni ya Mabasi ya Taifa, yaani KAMATA, na yale ya jijini yakapewa Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA. Sheria Na. 27 ya mwaka 1967 iliyounda Baraza la Kiswahili la Taifa ilikuwa na umri wa miaka saba tu, na tayari DMT, kifupisho cha Kiingereza kilichotamkwa herufi moja moja, kilikuwa kimepisha vifupisho vya Kiswahili vinavyotamkika kama maneno.

Hayo ni majina yaliyotoka juu. Sisi twapenda kuyafuatia zaidi yale yaliyotoka chini, vituoni na mlangoni mwa gari, kwa kuwa yametunza habari ambazo hati za mashirika hazikuzijali: abiria alilipa nini, aliketi vipi, alingoja wapi.

Mabasi ya UDA hayakutosha. Pengo hilo lilizibwa na magari ya watu binafsi yasiyo na leseni, na kwa kuwa nauli ilikuwa senti 50, watu wakayaita thumni-thumni. Thumni ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya sehemu moja ya nane, nalo mwambao ulikuwa umelitumia kwa sarafu ya senti 50 muda mrefu kabla ya kuwapo magari hayo. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria jijini chini ya kibali cha UDA. Nauli ilikuwa shilingi 5, na makondakta wakawa wakinadi: dala, dala! Jina likakaa.

Lakini kwa nini shilingi 5 ziliitwa dala? Wengi husema kwa kuwa zililingana na dola moja ya Marekani. Kwa mwaka 1983 hilo si kweli, maana wakati huo dola ilikuwa imezidi sana shilingi 5. Hapana budi kurudi nyuma zaidi. Kabla ya Septemba 1949 pauni moja ya Uingereza ilikuwa sawa na takriban dola nne, nayo pauni hiyo ilikuwa shilingi 20 za Afrika Mashariki; basi dola moja ilikaribia shilingi 5. Waingereza wenyewe walikuwa na mazoea ya kuiita sarafu yao ya shilingi tano kwa jina la dola. Kwa maoni yetu, neno hilo lilibaki vinywani mwa watu baada ya hesabu yake kuvunjika, likangoja miaka zaidi ya thelathini hata likapata gari la kupanda.

Jirani zetu wa Nairobi walifuata njia ileile. Matatu ni jina lililotokana na nauli ya mapeni matatu, yaani senti 30. Nauli zote hizo zimekufa zamani, majina yako hai. Ni mara chache istilahi iliyobuniwa mezani ikaweza kustahimili namna hiyo. Yako pia majina yaliyotokana na umbo: chai maharage, yaani magari madogo ambamo abiria waliketi wakitazamana kama walaji wa mgahawani, na vipanya, ambavyo havihitaji maelezo. Hata waziri amepata kupewa njia ya reli: treni ya abiria wa jijini iliyoanza Oktoba 2012 iliitwa, na wengi bado huiita, treni ya Mwakyembe.

Neno lenye historia nzito kuliko yote hayo ni foleni. Lilitoka katika gwaride, kwenye amri ya Kiingereza ya kuwataka askari wajipange. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 foleni ilikuwa ya watu: ya sukari, ya unga, ya basi. Binadamu walijipanga wakilingoja gari. Leo mkazi wa Dar es Salaam akisema amechelewa kwa ajili ya foleni, hakuna atakayemwuliza foleni ya nini. Waliojipanga sasa ni magari, na binadamu wamo ndani yake. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta jijini watu wapatao 273,000. Ile ya mwaka 2022 ilikuta mkoani watu 5,383,728. Maana ya neno imehama pamoja na idadi hiyo.

Hapa ndipo tunapotofautiana na magazeti yanayotumia foleni na msongamano kama visawe. Mhandisi wa barabara anayahitaji yote mawili. Magari kumi yaliyosimama mbele ya taa nyekundu ni foleni. Taa ikiwaka kijani yakapita yote, hapana msongamano. Msongamano ni hali ya barabara kupokea magari mengi kuliko inavyoweza kuyapitisha, hata foleni ya taa moja ikarudi nyuma na kuziba makutano yaliyotangulia. Ukipanua barabara unaweza kuondoa foleni ya mahali pamoja na kuihamishia mbele tu. Ripoti isiyotenganisha maneno haya itamchanganya msomaji, na huenda ikamchanganya mpangaji wa mji vilevile.

Wakala uliopewa kazi ya kuleta dawa ya msongamano uliundwa mwaka 2007, na mabasi yake yakaanza kazi Mei 2016 katika Barabara ya Morogoro, kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, njia ya takriban kilomita 21. Jina rasmi ni Mabasi Yaendayo Haraka. Sarufi yake haina kasoro. Ila mtu ajaribu kulitamka huku analikimbilia basi. Wananchi walisema mwendokasi. Neno hilo lilikuwa jina la kosa la barabarani ambalo dereva alitozwa faini, nalo likageuka kuwa jina la huduma ya umma. Tena limebadili ngeli. Mwendo ni wa u-, lakini vituoni husikiki mwendokasi umejaa; husikika mwendokasi imejaa, mwendokasi zimechelewa, sawasawa na daladala. Wako wanaoliita hilo kosa. Sisi twaona kuwa wasemaji wameacha kutaja mwendo na wameanza kutaja chombo, na kamusi yafaa iandike hivyo.

Wasomaji waliopata kupanda thumni-thumni tunawaomba watuandikie. Twahitaji hasa kujua yule aliyepokea nauli mlangoni aliitwaje kabla ya neno kondakta kukatwa likawa konda, na je, wa basi la UDA na wa gari la senti 50 waliitwa kwa jina moja?