Samaki wa kufugwa watorokapo, sheria yasemaje?

Mnamo Agosti 19, 2017, kizimba kikubwa cha kufugia samaki kilisambaratika karibu na Kisiwa cha Cypress, katika jimbo la Washington, Marekani. Ndani yake mlikuwa na samoni wapatao 305,000 wa Bahari ya Atlantiki, ilhali jimbo hilo limepakana na Bahari ya Pasifiki. Walikuwa wageni.

Kampuni iliyowafuga, Cooke Aquaculture ya Kanada, ilisema mwanzoni kwamba waliotoroka ni elfu chache tu, ikalaumu bamvua kali na kupatwa kwa jua. Ripoti ya jimbo ya Januari 2018 ilieleza mengine: walitoroka kati ya 243,000 na 263,000. Nyavu hazikusafishwa ipasavyo, kome na viumbe wengine wakazishika hata zikashindwa kuhimili mkondo wa maji.

Jamii ya Lummi, wenyeji asilia wanaotegemea samoni wa Pasifiki, ilitangaza hali ya dharura na kutuma wavuvi wake kuwanasa watoro hao. Ilihofiwa kwamba wangeleta magonjwa na kushindania chakula na samaki wa huko. Hapa kwetu, mbuta hawakutoroka kizimbani. Walipandwa na binadamu Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Hata hivyo, kuwaondoa haikuwezekana tena.

Ajabu ni kwamba sheria iliyotumiwa kwanza ilihusu uchafuzi wa maji. Kwa sheria hiyo jimbo lilitoza faini ya dola 332,000, kiasi kidogo mno kwa hasara kama hiyo. Mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 2.75 kumaliza kesi ya shirika la Wild Fish Conservancy.

Machi 2018, Gavana Jay Inslee alitia sahihi sheria mpya. Haikubomoa vizimba; ilizuia tu mikataba ya samaki wa kigeni isifanywe upya, hadi ya mwisho ikaisha mwaka 2022.

Lakini neno 'kigeni' liliacha mwanya. Kampuni iliomba kufuga trauti wenye asili ya Pasifiki, majike wasiozaa, ikaruhusiwa mwaka 2020. Wapinzani walikwenda mahakamani wakashindwa mwaka 2022. Novemba mwaka huohuo, idara ya ardhi ya jimbo ilikataa kuongeza mikataba iliyosalia, na Januari 2025 ikapitishwa kanuni ya kupiga marufuku vizimba vya biashara katika maji ya jimbo, samaki wawe wa kigeni au wa asili.