Earl Cameron: miaka makumi mu nafasi ya pembeni



Juma lililopita umeme ulirudi saa mbili za usiku, na pamoja na kadogo wangu tukaangalia The Interpreter, ile filme ya 2005 ya Nicole Kidman na Sean Penn. Ndani yake kuko prezida muzee wa nchi ya kubuni, Matobo. Jina lake ni Zuwanie. Alianza kama mukombozi, watu wakamupenda, kisha akazeeka mu kiti na kugeuka muuaji wa raia wake. Anaonekana kidogo tu, lakini kadogo akaniambia: «Yaya, ule Muzee haigize. Ule ni prezida kabisa.»

Nikatafuta jina lake. Kumbe hata si mutu wa bara letu. Ni Earl Cameron, mutoto wa kisiwa cha Bermuda, na wakati filme ilitoka alikuwa na miaka 87. Sinema ya Uingereza ilimutumia zaidi ya nusu karne, na karibu kila mara mu nafasi ya pembeni. Ninaandika juu yake sababu maisha yake inagusa swali yenye sisi watu wa diplome tunajiuliza kila siku: kama nafasi wanakupa ni ndogo kuliko wewe, unaikamata ao unaikataa?

Cameron alizaliwa mwezi wa 8, 1917. Baba yake, fundi wa mawe, alikufa mutoto akingali mudogo, na mama akabaki kuhangaikia watoto. Bermuda ilikuwa koloni ya Waingereza, na mu sinema za kule weupe na weusi walikaa mbalimbali. Kijana akaingia kazi ya meli, na mwaka 1939, vita ikianza, akafika London. Kazi yenye alipata ni kuosha sahani mu jiko.

Mu 1941 rafiki yake mumoja alikuwa anacheza mu tamthilia ya muziki, Chu Chin Chow. Cameron alienda kuangalia, akaona hii kazi inapita sahani, akaomba nafasi. Kisha mumoja wa wachezaji akakosa kufika, na Cameron akaingizwa mahali pake. Hakusoma uigizaji popote. Njo njia yake ilianza vile, mahali pa mutu mwenye hakuja.

Lakini hakutegemea bahati peke yake. Alienda kujifunza kutengeneza sauti kwa bibi mumoja muzee, Amanda Aldridge. Baba ya ule bibi alikuwa Ira Aldridge, mwigizaji mweusi wa Marekani mwenye alicheza Shakespeare mu Ulaya mu karne ya 19. Ni kusema, Cameron alitafuta shule yake kwa watu wenye walipita ile njia mbele yake.

Mu 1951 akapata Pool of London, filme ya Basil Dearden. Anacheza Johnny, baharia wa Jamaika, mwenye anajuana na binti muzungu kwa heshima na woga. Kwa sinema ya Uingereza ile ilikuwa kitu kipya: mutu mweusi mwenye moyo na aibu na matumaini, si mubeba mizigo. Watu walimusifu sana. Mwigizaji muzungu mwenye angefanya vile, simu yake ingelia kila siku. Yake haikulia vile. Wenye kuandika filme hawakuwa na mahali pa kumuweka.

Hapa sasa mambo inakuwa nguvu. Mu 1955 alicheza mu filme yenye jina la Kiswahili, Simba, juu ya vita ya Mau Mau mu Kenya. Vita yenyewe ilikuwa haijaisha. Filme inaangalia mambo kwa macho ya walowezi, hatuwezi kujidanganya. Cameron ni dokta Karanja, Mwafrika mwenye kusoma. Wazungu wanamushuku juu ya ngozi yake, na watu wake wanamushuku juu ya masomo yake. Mwishowe umati unamuua. Nikiwaza juu ya ule dokta ninakosa usingizi. Mwandishi alimuweka pale ili wazungu wapate «Mwafrika muzuri» wa kulilia. Cameron alikamata nafasi hiyo, na akamufanya Karanja mutu mwenye akili yake mwenyewe.

Alikosea kukubali? Kuko wenye watasema ndiyo. Miye siwezi kumuhukumu, na nitawaambia sababu. Kisha lisansi yangu ya agronomi, projet moja ilinipa kazi ya majuma mbili, kupima mashamba. Siku ya mwisho wakanikamatisha jembe, wakaniambia nisimame mu mihogo, wakapiga foto. Kisha nikaiona mu kitabu cha ripoti yao. Chini yake wameandika: mukulima mufaidika. Kuwa mukulima si haya, baba yangu ni mukulima. Lakini miye njo nilikuwa nimepima ile shamba. Nilinyamaza, sababu kodi ya nyumba ilikuwa inangojea. Kwa hiyo ninajua namna mutu anacheza dokta Karanja.

Njia yake iliendelea vile. Mu 1959 alikuwa dokta tena, mu Sapphire, kaka ya binti mwenye aliuawa. Mu 1965, mu Thunderball, alimusaidia James Bond mu visiwa vya Bahama. Mu 1966 televisheni ya BBC ilimufanya mwanaanga mu Doctor Who, na mutu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kufika angani kweli alifika mu 1980 tu. Mu The Message alikuwa Najashi, mfalme wa Habeshi mwenye aliwapokea wakimbizi Waislamu. Dokta, mwanaanga, mfalme: kila mara dakika chache, na kila mara mutu muzima.

Mu 1979, kisha miaka 60, aliacha yote. Alikuwa wa imani ya Bahai, na akahama na jamaa yake mpaka Visiwa vya Solomon, mbali sana mu Pasifiki. Kule alifungua duka ya kreme ya barafu. Akakaa miaka kama 15. Aliporudi Uingereza, mwenye nguvu bado, akaanza tena, na njo pale The Interpreter ikamukuta. Mu Inception ya 2010, mutu mwenye anacheza hana hata jina. Mu orodha ameandikwa tu «muzee mwenye kipara». Lakini pembeni yake imeandikwa wazi: Earl Cameron.

Mu 2012 teatre moja ya Hamilton, Bermuda, ilipewa jina lake, mu kisiwa chenye ubaguzi wa viti mu sinema uliisha tu mu 1959 kisha watu kugoma. Alikufa mwezi wa 7, 2020, akiwa na miaka 102.

Kwangu miye, jibu yake kwa lile swali ni hii: kamata nafasi, lakini uijaze, na jina lako liandikwe. Juma hii nimeandikia ile projet barua. Sikuomba pesa. Nimeomba paka warekebishe maneno ya chini ya foto: jina langu, na neno «agronome». Hawajajibu. Nitaandika tena.