Miembe ya Kwihara

Ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara, mwendo wa kilomita chache tu, utapita miembe mikubwa ya zamani. Kisa chake ni maarufu, nami nimesimuliwa zaidi ya mara moja: watumwa waliofungwa minyororo walikuwa wakila maembe njiani na kutupa kokwa, na kila kokwa ilipoanguka pakaota mwembe. Kwa hiyo, husemwa, ukifuata miembe toka Ujiji hadi Bagamoyo umefuata njia ya watumwa.

Juma hili naomba, ndugu msomaji, tukitazame kisa hicho kwa makini.

Mtumwa aliyekamatwa Manyema alipelekwa mashariki, kwenye bahari. Mwembe ulikwenda kinyume chake. Asili yake ni Bara Hindi, nao ulivuka bahari ukafika pwani yetu zamani sana. Ibn Battuta alikula achari ya maembe Mogadishu mwaka 1331. Sasa mtu atokaye bara atatupaje kokwa ya tunda ambalo huko bado halijafika? Wala kokwa ya pwani isingevumilia safari. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Kokwa ya embe ikikaa majuma kadhaa na kukauka haioti tena. (Asiyeamini na ajaribu.)

Basi miembe ilisogea kituo kwa kituo, ikipandwa na watu waliokusudia kukaa, hasa Waarabu na Waswahili waliojenga matembe yao Unyanyembe. Mashamba yao yalilimwa na watumwa. Utumwa, kwa hiyo, umo katika habari ya miti hii, ila si kwa namna tunayosimuliwa.

Kinachonisumbua zaidi ni watu ambao kisa kimewasahau. Sehemu kubwa ya mizigo katika njia hii ilibebwa na wapagazi wa Kinyamwezi kwa ujira. Walipatana malipo kwa vitambaa au shanga, wakajitwika frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na mwenye msafara akiwadhulumu walibwaga mizigo na kwenda zao. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko juu ya jambo hilo! Wengine walipeleka pembe zao wenyewe kuuza. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Leo mjukuu wao anapita chini ya miembe akidhani kila aliyepita hapo alikuwa na mnyororo shingoni.

Na Kwihara yenyewe inayo habari yake. Livingstone na Stanley walifika kijijini hapo Februari 1872. Stanley aliondoka Machi, mzee akabaki katika tembe hadi Agosti akingoja wapagazi kutoka Unguja. Mwaka uliofuata alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kama mzigo na kuanza safari ya kuurudisha.

Oktoba 1873 walifika Kwihara wakamkuta Luteni Cameron, ofisa Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapo hapo, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Mzigo ukainuliwa tena, na Februari 1874 wakafika nao Bagamoyo. Aprili mwaka huo Livingstone akazikwa London.

Chuma huyo alikuwa Myao aliyekombolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861, bado kijana mdogo. Kama tunamtafuta mtu aliyeonja minyororo na akapita chini ya miti ya Kwihara, huyu hapa, na jina lake tunalijua. Hatukuambiwa alikula nini njiani. Tunajua tu kwamba yeye na wenzake walikataa shauri la ofisa, wakaondoka na mzigo wao.

Ombi langu kwa wanaowapokea wageni Kwihara ni dogo: wakimaliza kisa cha kokwa, wawaeleze pia habari ya Oktoba 1873.